Zinki Niliyotia Kwenye Uji

Daktari alisema fangasi wameingia kwenye damu. Mwenzangu, niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja Al Rayyan, huku ughaibuni, na kusafisha vyumba katika hoteli moja Al Sadd, alicheka akiwa kitandani.

"Fangasi ni wa vidole vya miguu, bwana. Hawa wangu wamepata wapi viza?"

Baada ya hapo sikumsikia akicheka.

Alikuwa amepasuliwa tumbo, na mrija wa dripu ulikuwa bado shingoni. Sisi wa hosteli tuna mazoea: mtu akiugua, kila mmoja anatoa vidonge alivyo navyo. Vilivyopatikana vingi vilikuwa vya zinki, maana tangu korona kila mtu anaamini zinki ni kinga. Mwenzangu hapendi vidonge. Basi nikavisaga, nikavitia kwenye uji wa wimbi, nikampelekea kwa thamosi. Siku nne. Sikumwambia. Nilidhani ni upendo. Sasa sijui niuite nini.

Siku ya tano homa ilizidi. Nesi mmoja, mama wa Tanga, akaniuliza mlangoni mwa wodi, "Dada, anakula nini zaidi ya chakula chetu?"

"Uji tu."

"Uji mtupu?"

Nikasema yote. Waliotoa vidonge sikuwataja. Mimi ndiye niliyesaga.

Nesi hakufoka. "Sikiliza. Hao fangasi hawawezi kuishi bila zinki. Mwili unajua, kwa hiyo unaificha zinki wasiipate. Lakini wao hutoa protini, wanaituma kama mjumbe kwenye seli za mgonjwa, ikachota zinki, ikawarudishia."

"Na ikiwa nyingi?"

"Kuna seli za ulinzi zinazowamwagia nyingi kusudi iwe sumu. Nao huifungia ndani yao, kama stoo, wasidhurike."

"Kwa hiyo nimewalisha."

"Sijasema hivyo. Huenda vidonge vyako havikufanya lolote. Alikuwa na fangasi kabla ya uji wako. Ila daktari lazima ajue, na yeye mwenyewe ajue."

Sina elimu ya kupima maneno hayo. Nimeyaandika kama nilivyoyasikia, hata yale yanayonitetea, ingawa usiku moyo wangu huyakataa hayo tu.

Nikaingia. Nikamwambia mwenzangu nikiwa nimesimama, maana kukaa kitini kwake niliona ni kujikaribisha.

Alifumba macho. "Ulinipa bila kuniuliza?"

"Ndiyo."

"Siku ngapi?"

"Nne."

"Hata ladha sikuisikia. Mdomo wangu umeoza kabisa." Akageukia ukutani.

Daktari alibadilisha dawa jioni ile. Nesi alisema angeibadilisha hata hivyo, majibu ya maabara yalikuwa yametoka. Homa haikushuka. Nililowesha pamba, nikampangusa midomo, naye akaniacha nimpanguse, lakini hakuniangalia. Labda alikuwa amekasirika. Labda hakuwa na nguvu ya kuigeuza tena shingo yenye mrija. Nilibaki pale mpaka wakanitoa, na sikuthubutu kumuuliza ni lipi.