Sahani Yenye Venant Alisukuma

Venant alisukuma sahani yangu mbele ya bantu, na miye sikusahau. Ilikuwa komunyo ya mujukuu wangu Aimée, huku kwetu Kasha. Nilichinja nguruwe yangu, nikaipika na ndizi, nikaonja wa kwanza mbele ya bageni. Njo desturi: mwenye kupika anaonja, juu mugeni asiogope karuho, ile sumu yenye bantu ba Bukavu banaongeleaka kuliko mvua. Venant akaangalia nyama, akasukuma sahani na kidole kimoja.

"Maman Constance, hii nguruwe haikupata sindano hata moja. Miye siwezi kula."

Alisema sindano. Lakini kwetu, mutu akikatala chakula ya nyumba, hakuna mwenye anasikia sababu. Banasikia karuho. Sahani zingine zikafuata ya kwake. Tangu ile siku, hata mwenye kiu alipitaka ku mulango yangu akimeza mate.

Huyu Venant ni jirani, ukuta kwa ukuta. Mu ujana alikuwaka anafagia ku dispensaire moja, na kwa kufagia karibu na infirmier mwenye kutunza bagonjwa, akaona naye ni infirmier. Dispensaire ikafungwa, yeye akabaki na kazi moja mu kichwa: kuchoma sindano. Akaanza kufuga nguruwe. Nguruwe ikikohoa, sindano. Isipokohoa, sindano ya kuzuia kukohoa. Mvua ikinyesha, anatia unga ya dawa, antibiotique, mu chakula yao. Bibi yake Pascaline alikuwaka anatoka nje kupiga chafya.

Na nguruwe zenyewe zilikuwa zimejaa sawa maharagi mu gunia, matope mpaka tumbo, zinakulana mikia.

"Papa Venant," nikamuambia ku ukuta, "toa matope kwanza."

"Maman, matope haiwezi kitu mbele ya dawa."

Miye kuna mwenye alinifundisha: vétérinaire Mélanie, munganga wa mifugo, binti mwenye mudomo mubaya sawa ya kwangu. Majani makavu kila asubuhi. Nafasi ya nguruwe kulala na kugeuka. Batoto ba nguruwe babaki ku maziwa ya mama yao mpaka bapate nguvu. Na hakuna mutu kuingia na viatu yenye imetoka soko ya Nyawera. Niliweka bottes, viatu ya mpira, ku mulango ya zizi. Hata katekista alizivaa, na alikuja kuuliza habari tu. Nguruwe ikigonjwa kweli, tunaitenga, Mélanie anaichoma sindano, na haichinjwe mpaka dawa itoke mu mwili. "Dawa ni ya mugonjwa," anasemaka, "haiko chumvi."

Kisha homa ya nguruwe ikapita mu Bagira, komine yetu, ile yenye hakuna sindano inaiweza. Mazizi ikabaki tupu. Kwangu ilikomea ku bottes. Kwa Venant haikuacha hata mukia. Akatafuta zingine mbili mbali sana, akazinenepesha juu ya ndoa ya binti yake Elodie. Bakwe balikuwa bantu ba Minova, na bale banahesabuka nyama kwa macho.

Ndoa ikakaribia, nguruwe moja ikakohoa. Venant akazichoma zote mbili. Mélanie akapita, akaona chupa.

"Tonton, hizi hazichinjwe. Dawa iko mu nyama. Ungojee majuma."

"Ndoa iko samedi ya hii juma."

"Basi ukule mukate."

Miye nilikuwa nyuma ya ukuta, napeta maharagi. Sijapata kuona maharagi inapetwa polepole namna ile.

Mangaribi Pascaline akaja na kasiksi, pombe ya ndizi, mu bidoni. Nikamurudisha nayo. "Mwenye alisukuma sahani aje na kidole chake."

Venant akakuja. Akavua viatu, akavaa bottes bila kuambiwa.

"Maman Constance, hii nguruwe yako ya mukubwa..."

"Haikupata sindano."

"Najua."

"Na wewe hukulaka ya namna ile."

Akaangalia bottes. "Bakwe bakirudi Minova na njaa, batamutukana Elodie maisha yote."

"Nakupa. Lakini miye njo nitapika, miye njo nitatia ku sahani. Na wewe njo utaonja wa kwanza. Mbele ya bote."

Samedi nikabeba sahani mwenyewe mpaka ku meza ya bakwe. Kasha yote ilikuwa inaangalia. Venant akatia kipande mu kinywa, akatafuna, akameza, akangoja kidogo, sawa mutu mwenye anasikiliza tumbo. Kisha akatwaa kipande ingine. Mukwe wa Minova akanyosha mukono ku sahani, Venant akaivuta kwake.

"Ngoja, papa. Sijaonja muzuri."

Bantu bakacheka, na bakakula. Bale bale ba komunyo bakapanga mulolongo mbele ya sufuria yangu, na hata mwenye alikuwaka anameza mate akaniomba na maji ya kunywa. Venant akafika mara ya pili, sahani tupu, midomo inangaa mafuta.

"Maman, uniongezee."

Nikamuongezea. Mufupa.