Mpishi Asiyekula

Kwa miaka kumi na moja nimewapikia wachimbaji wa Musonoi, na kwa miaka yote hiyo sahani ya kwanza ilikuwa yangu. Si kwa ulafi, ingawa ulafi nao ulikuwapo, nisijitakase. Vijana hawa wametoka kila pembe ya Congo. Wanashuka shimoni pamoja, wanalala chumba kimoja, lakini hawajuani, na siku mmoja wao akiuza mfuko mzuri wa mawe ya madini huanza kuogopa sumu hata kwenye kikombe cha maji. Kwa hiyo mwenye malewa, yaani kibanda cha chakula kama changu, akitaka wateja hujipakulia kutoka sufuria ileile, hukaa mahali anapoonekana, na hula mbele yao mpaka amalize. Hapo ndipo wanaposogeza viti.

Mimi nilimaliza vizuri kuliko wote. Nilifika kilo mia moja arobaini na mbili, na mwili huo ulinitangazia biashara bila kibao. Mgeni akipita akiniona nimejaa benchi zima, hakuhitaji kuuliza kama chakula ni salama. Waendesha taxi-moto, pikipiki za abiria, walinidai nauli ya watu wawili. Niliwatukana kila asubuhi, kisha nikalipa, kwa sababu kutembea kulikuwa kumenishinda. Magoti yalilia. Sukari ilipanda hata nilipokunywa dawa. Daktari mmoja wa Manika alinikandamiza kidole gumba cha mguu, akaniuliza kama nasikia maumivu, nikasema sisikii. Akaniambia kwamba nisipopungua, ataanza kukata vidole vile kimoja baada ya kingine.

Kaka yangu anaishi Afrika Kusini miaka mingi, na yeye ndiye aliyelipia upasuaji huko. Walinitoa sehemu kubwa ya tumbo, wakaniachia kimrija chenye unene wa ndizi. Kabla ya kusafiri nilifanya jambo moja la kipumbavu. Niliona haya kuwaambia watu wanaofukua ardhi wapate mlo mmoja kwamba nakwenda kukatwa kwa sababu ya unene. Nikawaaga kwa uongo: kaka yangu mgonjwa sana, nakwenda kumwuguza. Ukweli aliujua mdogo wangu tu, mjane ninayepika naye.

Nilirudi baada ya mwezi. Mashavu yalikuwa yamelegea, kitenge nilikizungusha mara mbili kiunoni. Wateja walinipokea kwa pole nyingi.

"Pole mama. Na kaka, iko aje?"

"Amepona."

"Alikuwa na ugonjwa gani?"

Sikuwa nimetunga ugonjwa. Nikasema kifua. Niliona macho yao yakishuka kutoka usoni kwangu mpaka mikononi, mikono iliyokuwa inapakua bukari, ugali wao, na nikaelewa kwamba kwa mdomo wangu mwenyewe nimejipa kifua kikuu.

Hilo lingepita kama ningeweza kula. Karatasi ya hospitali iliniruhusu vijiko vitatu vya chakula laini, nitafune mpaka kiwe uji, nisinywe maji juu yake. Bukari ilikuwa bado imekatazwa. Nilisimama juu ya mbabula, jiko letu la makaa, kuanzia alfajiri, nikisonga sufuria mbili za unga, moshi wa makala machoni, harufu ya sombe, majani ya muhogo, na samaki ikinipanda puani, na ndani yangu hamna nafasi ya tonge. Wakati mwingine harufu ilinitia kichefuchefu. Wakati mwingine nilitamani kulia, na mara mbili nililia kweli, nikasingizia moshi. Niliwahi kuachwa na mume na sikumkumbuka hivyo. Bukari niliikumbuka kila saa.

Siku ya kwanza nilimweka mdogo wangu kwenye benchi langu ale sahani ya kwanza. Alikula vizuri, maskini, akatabasamu kwa kila mtu. Wakamwangalia mpaka mwisho, kisha mmoja akasema, "Ule haakupika. Mwenye kupika njo yeye anakula." Wakaondoka wanne pamoja. Wiki iliyofuata wakaondoka kumi. Mwanamke wa upande wa pili wa barabara, ambaye sombe yake ina mchanga na kila mtu anajua, akaanza kukosa viti vya kutosha.

Ningevumilia yote hayo kama ningekuwa ninapungua. Kilo kumi na sita za mwanzo ziliondoka zenyewe, halafu zikagoma. Mizani ndogo za famasi sikuziamini, kwa hiyo kila Jumapili watu wakiwa kanisani, mlinzi wa depo moja ya kununua mawe aliniruhusu nipande kwenye mizani ya mifuko. Wachimbaji wote wanaapa kwamba mizani ya depo huiba kilo. Nilipanda nikiomba iniibie na mimi walau mbili. Ilisema mia moja ishirini na sita. Jumapili ya pili, mia moja ishirini na sita. Jumapili ya tatu nilivua viatu, nikavua na kilemba, nikashika pumzi. Mia moja ishirini na sita. Mlinzi akacheka, akasema mfuko huu haupungui mawe.

Nilimpigia kaka simu nikiwa nimekaa juu ya jiwe nje ya depo.

"Daktari alikueleza," akasema. "Mwili unasimama kidogo, halafu unaendelea. Iko vile kwa kila mutu."

"Niulizie kama banaweza kunirudishia tumbo yangu."

"Balishaitupa, yaya."

Kwetu yaya ni dada. Alifikiri ananichekesha. Nikakata simu. Nilimchukia, nikamchukia daktari, na zaidi nilijichukia mimi niliyelala kwenye kitanda kile kwa miguu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimetoa tumbo zima, na wateja wangu wanakwenda, na sikupata hata wembamba wa kujivunia. Kwa siku kadhaa sikutembea kama nilivyoagizwa. Dawa za vitamini nilizitia mdomoni na kuzitema. Mdogo wangu aliziokota sakafuni, akaziweka tena kwenye kisosi karibu na kitanda.

Kati ya wateja tisa waliobaki alikuwamo mwanamume mmoja wa miaka hamsini hivi, mtu wa kaskazini mwa Katanga, asiye na jino la mbele. Alianza kula kwangu tangu mwaka wa kwanza. Hakuwahi kusifu chakula wala kukilaumu. Alikula, akanawa, akaenda. Jumanne moja saa sita mchana aliketi, akasukuma sahani yake mbele bila kuigusa. Wengine nao wakasukuma zao.

"Mama, leo utakula."

"Nilishakula nyumbani."

"Hapana. Hapa, shiye wote tunaona."

Mdogo wangu alinishika mkono. Nikamsukuma. Hasira ilinipanda, hasira ya wiki nzima, nikajipakulia kama zamani: bukari mlima mzima, sombe, kipande cha samaki. Nikaketi kwenye benchi langu, ambalo sasa lilinibakishia nafasi pande zote mbili, nikamega tonge la kwanza nikiwaangalia machoni. Lilikuwa tamu. Sitadanganya, lilikuwa tamu sana, nikalimeza karibu bila kutafuna. Nikameza la pili na la tatu.

La nne halikwenda popote. Yote yalikwama chini ya kifua kama jiwe, maumivu yakanipenya hadi mgongoni, mate mazito yakanijaa mdomoni, jasho likanitoka hata kwenye viganja. Nilinyanyuka nikitaka kukimbilia nyuma ya kibanda. Nilifika kwenye mbabula tu, nikapiga magoti, nikatapika povu na bukari mbele ya wateja wangu wote.

Vurugu iliyotokea siwezi kuisahau. Viti vilianguka. Mmoja aliimwaga sahani yake chini ingawa hakuwa ameigusa. Mwingine, aliyekuwa ameonja mchuzi kwa ncha ya kidole, alijitia vidole kooni. "Banatuua!" mtu alipiga kelele barabarani, na watu wakaanza kukusanyika kutoka kwa yule jirani wa sombe yenye mchanga, wengine na matonge mikononi.

Nikajua kwamba nisiposema sasa, jioni sitakuwa na kibanda, pengine sitakuwa na kichwa. Nikafungua vifungo vya blauzi kuanzia chini. Nikawaonyesha makovu matano madogo tumboni, mawili bado mekundu.

"Haiko sumu," nikasema. "Balinikata tumbo. Nilibadanganya. Kaka yangu haakugonjwa. Mi njo mugonjwa, iko sukari, na balinikata juu ya kupungua. Siwezi kula bukari. Njo vile tu."

Mtu mmoja alicheka kwa sauti, akaona hakuna anayemfuata, akanyamaza. Yule mtu asiye na jino aliinama akayatazama makovu kwa muda mrefu, bila haya, jinsi wachimbaji wanavyoangalia ufa kwenye ukuta wa shimo.

"Mama," akasema, "shiye tunangia mu shimo juu ya kupata kukula. Weye balikulaza, balikukata, juu ya usikule?"

Aliuliza kwa upole, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nikamwita baba, nikamwambia, "Sukari inakula miguu yangu, tata." Wakaondoka wote, na yeye pia. Mdogo wangu akanifunga vifungo kama mtoto, akamwagia matapishi majivu.

Siku mbili nililala nikinywa supu kwa kijiko. Nilifikiri nifunge malewa, nirudi kwa ndugu zangu mjini Tenke, nikauze nguo kuukuu penye watu wasiojua nilikuwa na mwili gani. Siku ya tatu mdogo wangu alikwenda kuwasha makala bila kuniuliza, na moshi ulipofika dirishani niliona haya kumwacha peke yake. Njiani nilijiambia mwenyewe kwa ukali, kwamba nitapika leo tu, na kama hakuna atakayekuja, chakula tutagawa na basi.

Saa sita ilifika. Ng'ambo ya barabara walisimama wateja wangu wa zamani saba au wanane, wakiwa na vumbi la shimo kichwani, hawaji na hawaondoki. Yule mtu wa kaskazini alivuka peke yake. Akaketi. Nikampakulia, nikaweka sahani yake mezani. Kisha, kwa kuwa uongo ulikuwa umekwisha, nikachukua sahani ya kawaida, nikaweka maharage niliyoyaponda na kipande kidogo cha bukari nisichopaswa kugusa, kwa sababu sahani ya maharage matupu niliionea aibu. Nikaketi mbele yake.

Nilikula kijiko cha kwanza nikihesabu kutafuna. Hakugusa chake. Nilikula cha pili. Mchuzi wake ukaanza kuganda mafuta juu. Sijawahi kula mbele ya mtu nikijiona uchi namna ile, hata siku ya vifungo. Kwenye kijiko cha tatu kifua kikanibana, nikaweka kijiko chini.

"Njo mwisho?" akauliza.

"Njo mwisho."

Alitazama maharage yaliyobaki, na bukari ambayo sikuimega. Akanyoosha mkono, akavuta sahani yangu, si yake. Huku kwetu hakuna anayekula mabaki ya mgonjwa wa kifua, wala ya mtu anayeshukiwa sumu. Afadhali ampe mbwa, na mbwa mwenyewe afikirie. Yeye alimega bukari yangu, akakombea maharage yote mpaka bati likaonekana, akalamba kidole gumba. Sijui kama alifanya hivyo kwa ajili yangu au kwa ajili ya njaa. Kisha akavuta sahani yake, akaanza kula.

Wale wa ng'ambo ya barabara hawakuniangalia mimi tena. Walikuwa wanamwangalia yeye, wakingoja kuona kama ataanguka. Nami, Mungu anisamehe, niliyepika kwa mikono yangu na kujua hamna sumu, nilikuwa namwangalia vilevile.