Kaseti ya Harusi Iliyorudi kutoka Sericho

Juzi nilirudi Isiolo kurekodi bendi ya vijana iliyokuwa ikipiga uwanjani, na kijana ninayefanya naye kazi akaniuliza swali ambalo halijanitoka. Tulikuwa tumefunga maiki kila mahali: kwa mwimbaji, kwa magitaa, kwa kila ngoma. Nikachukua moja zaidi nikaielekeza kwa watu. Akasema, "Madam, hiyo si itatuletea kelele tu?" Nikamwambia aiache hapo hapo. Ningemweleza, lakini hadithi yenyewe ni ndefu na bendi ilikuwa inaanza. Basi wacha nikueleze wewe, rafiki yangu, maana wewe hujawahi kunikatiza.

Tulikaa Wabera, karibu na msikiti, katika nyumba ya mabati yenye ua mpana. Asubuhi ilianza kwa mikokoteni ya punda iliyoleta maji, kisha mama angemimina unga wa anjera, chapati zetu laini, kwenye chuma cha moto, na harufu yake ikanitoa kitandani kabla sijaitwa. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea chai jirani yetu, fundi wa redio, na kurudi na kikombe. Sikurudi upesi hata siku moja. Fundi alikuwa na kinasa sauti na mimi nilikuwa na mdomo. Nyanya yangu, mama yake baba, alisema mimi nilizaliwa nikiwa katikati ya hadithi. Tulimwita ayeyo, na alikaa mbali sana, Sericho, pamoja na ngamia wake.

Sasa, shangazi yangu, kitinda mimba wa nyanya, alikuwa akiishi kwetu, akapata mchumba hapo hapo mjini. Harusi ikapangwa ifanyike uani kwetu. Nyanya alifunga mizigo yake mapema: hina, udi, na kibuyu cha nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye samli. Lakini usafiri wa Sericho ulikuwa lori, na lori lazima upande. Magoti yake yalikuwa yamevimba. Vijana walipomwinua alilia kwa maumivu, ikabidi wamshushe. Akamwambia dereva, "Waambie kama mimi siwezi kuenda kwa harusi, harusi iletwe hapa." Alikuwa na redio ya kaseti aliyonunuliwa na baba, na betri zikichoka alizianika juani pamoja na nyama. Mwanamke yule alitaka jambo moja tu, kusikia mwanawe wa mwisho akiolewa.

Fundi akasema hiyo kazi ni yake. Bendi ilikuja baada ya sala ya alasiri, vijana wa mjini wenye magitaa, kinanda na ngoma. Maiki ilikuwa moja tu, imefungwa kwenye mti wa ufagio. Leo nina mtambo wenye vitufe hata sijui vyote ni vya nini, lakini fundi alichanganya sauti kwa kuwahamisha watu. Alivaa hedifoni zake kubwa juu ya kofia, akawa anaashiria kwa mkono: wewe njoo, wewe rudi nyuma. Mwimbaji alisogezwa mpaka akakaribia kuimeza ile maiki. Mpiga ngoma alirudishwa, akarudishwa tena, hadi akawa anapigia mlangoni, nusu yake iko barabarani, na wapita njia wanamwamkia.

Kisha akatugeukia sisi wengine. Punda wa jirani akaondolewa. Sufuria za pilau zikafunikwa na wapishi wakaambiwa wasiguse mwiko. Kina mama wakaombwa wazuie vigelegele mpaka atakapozima mashine. "Ni kwa ajili ya mama wa Sericho," aliwaambia, "tumpelekee kitu safi." Kwa jina la nyanya wakakubali, ingawa niliwaona wakibana midomo kama watu wenye maumivu ya jino. Mimi nilipewa kipande cha halwa kikubwa kuliko kawaida ili kinizibe mdomo. Kikaniziba kweli. Mashine ilipozimwa, vigelegele vilivyolipuka hapo vilimfukuza hata yule punda aliyekuwa mbali.

Kesho yake tulisikiliza dukani kwa fundi. Ilikuwa safi kweli. Ungesikia kidole kikiteleza kwenye waya wa gitaa. Fundi aliipangusa kaseti vumbi kwa shati lake akaifunga kwenye leso, na dereva wa lori akaondoka nayo.

Aliporudi, dereva aliketi uani kwetu, akapewa chai, asiinywe.

"Mama kule Sericho analia," akasema. "Tangu asikie hiyo kaseti analia tu."

Mama yangu akafurahi. "Si ni furaha?"

"Sio furaha. Anauliza, kwani watu walikataa kuja? Ati binti yake ameolewa bila kigelegele hata kimoja. Anauliza tumekosea watu nini mpaka wakatususia. Nimemwambia wallahi watu walijaa mpaka barabarani. Anasema mimi namtuliza tu, kaseti ndio inasema ukweli." Akaniangalia. "Na anasema, hata yule mtoto wa mdomo hasikiki. Yule mnanificha. Ni mgonjwa ama amekufa?"

Akatoa leso mfukoni. Nyanya alikuwa amerudisha kaseti. Hakutaka kulala nyumba moja nayo.

Shangazi alijifunika ushungi akalia, bi harusi mwenye hina mbichi mikononi. Niliogopa sana. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kunidhania nimekufa kwa sababu tu nimenyamaza. Nikatumwa nikamwite fundi, naye akasikiliza yote bila kujitetea. Alivua kofia akasema, "Mimi nimempelekea mama kilio." Kisha akaigeuza kaseti mkononi. "Huu upande mwingine uko tupu. Iteni watu."

Walikuja wote, wapishi, wauza maziwa ya ngamia, mwalimu wangu wa madrasa, hata mpiga ngoma bila ngoma yake. Safari hii hakuna aliyehamishwa. Sufuria ziligongwa, punda akaachwa aseme yake, na vigelegele vilianza kabla mashine haijawashwa. Kisha mmoja mmoja akasogea kwenye maiki kumsalimia nyanya. Mama ndiye alikuwa wa kwanza, akasema haraka haraka akataka kuondoka. Fundi akamshika mkono.

"Usikimbie. Ukisalimia mtu si unangoja aitikie?"

Basi wakawa wanangoja. Mtu anasema salaam aleikum, anataja jina lake, anamuuliza nyanya hali yake, halafu anasimama kimya akiitazama ile maiki, wengine hata wakitikisa kichwa kana kwamba wanajibiwa. Fundi aliipa kila salamu muda wake. Mimi sikungoja. Nilimweleza ayeyo habari ya halwa, ya punda na ya mpiga ngoma barabarani, mpaka fundi akaniondoa kwa bega. Lakini mashine hakuizima. Aliiacha iende kimya, muda mrefu kuliko wa mtu mwingine yeyote, kwa sababu alijua nyanya angekuwa na mengi ya kunijibu.

Dereva aliipeleka, na aliporudi alitusimulia jinsi nyanya alivyoipokea. Aliita wanawake wa Sericho, akaketi mbele ya redio akiwa amevaa nguo ya harusi, akawaitikia wote. Aleikum salaam, mimi mzima, na watoto? Vigelegele vya Wabera vikajibiwa na vya Sericho. Sauti yake, bila shaka, haimo kwenye kaseti.

Nyanya alishatutoka zamani, na kaseti ikarudi kwetu. Fundi naye, na pale dukani kwake sasa wanauza vifuniko vya simu. Mama tulimzika mwaka uliopita, na ndani ya sanduku lake nikaikuta ile leso, kaseti ikiwa bado imefungwa ndani. Usiku mmoja nikiwa ninaihamishia kaseti kwenye kompyuta, yule kijana wangu wa kazi akatazama kioo, akaona mistari ya sauti na katikati yake sehemu zilizolala. "Hizi nafasi tupu nizikate?" Nikamwambia asiguse.

Alipoondoka, niliicheza tangu mwanzo. Mama yangu, msichana mdogo kuliko nilivyo mimi leo, akasema kwa haraka yake ile: "Salaam aleikum, mama. Watu walikuja, walijaa. Umetusikia?" Kisha akanyamaza, akangoja.

"Aleikum salaam, mama," nikasema. "Nimewasikia. Nimewasikia nyote."