Ubani kwenye Gari Jekundu

Juzi gari langu lilinizimikia Gongoni, karibu na mashamba ya chumvi. Nilipofungua boneti nikaona waya ulioshika kutu, na papo hapo nikasikia harufu ya ubani, ingawa hapakuwa na mtu aliyefukiza.

Baba alikuwa fundi wa umeme wa magari, Malindi. Alasiri ninayoikumbuka, nikiwa mtoto, ilikuwa ya tatu akihangaika na gari jekundu la mbio, kuukuu, la Mtaliana mmoja. Lilikuwa likiwaka na kuzima lipendavyo. Mwenye gari alikuwa ameapa kulipeleka kwa fundi wa Mombasa jioni hiyo.

Bibi, mamake baba, akaja na chetezo cha ubani. "Hili lina jini, mwanangu. Lifukizwe."

Akaegemea pembe ya boneti apate kuinama, na taa za mbele zikawaka. Akainuka, zikazima.

"Mama, hebu egemea tena," baba alisema.

Zikawaka. Nikakimbilia nyuma ya mlango, maana nilijua jini ametii.

Baba alizima swichi, akaingia chini ya pembe ile, akakuta waya unaounganisha umeme na bodi ya gari umelegea, umeliwa na chumvi ya bahari. Akausugua kwa msasa, akakaza nati, akatoka akifuta mikono. Lakini hakuwasha. Alisimama kando kwa adabu huku bibi akilizunguka gari na moshi wake mara saba, akisoma dua.

Nilidhani anangojea ubani ufanye kazi. Leo najua gari lilikuwa limeshapona. Alikuwa akimngojea mamake amalize.