Damu Haikuganda

Leo nimemsifia mama wa watu kwa kosa langu mwenyewe.

Mimi ni bwana mifugo. Asubuhi nilikuwa bomani kwa Yeyo, mama wa Kimaasai huku Ngorongoro. Ndama wake wawili wanashindwa kusimama.

Nikatoa damu ya wa kwanza, nikampa Yeyo kichupa ili nimfunge wa pili.

"Tikisa, isigande," nikamwambia.

Akatikisa kama anatikisa kibuyu cha damu ya kunywa. Kwa nguvu zote! Na cha pili hivyo hivyo.

Nami nikasema, "Safi sana, Yeyo."

Maabara Karatu, dada wa vipimo akainua vichupa dirishani. "Umeniletea damu au juisi ya rozela?"

Chembe nyekundu zimepasuka zote. Kimeng'enya cha kutuonyesha ndama wanakosa madini gani kimo ndani ya chembe hizo; zikishapasuka hivyo, hakipimiki tena. Kichupa hugeuzwa polepole, kama unambembeleza mtoto. Hilo sikumwambia Yeyo.

Nikampigia simu, nirudi nikatoe nyingine.

"Usije, mwanangu. Wamekufa wote."

Nikampa pole.

"Lakini damu haikuganda, eti?"

Nikasema haikuganda, Yeyo.

Jamani, nyie mngemjibuje?