Mstari wa Mbegu ya Bondeni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipeleka rasimu, yaani andiko ambalo bado halijapitishwa, nikiwa na hakika nitapongezwa. Kampuni yetu iliuza mbegu hapa Sumbawanga, nami niliajiriwa kuandikia jarida lake na tovuti iliyokuwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Mhariri, mama mmoja wa Ilemba asiyependa kelele, aliisoma mpaka mwisho. Akakata "bora kabisa", akakata "ya kipekee", akaniuliza nani kasema. Nikamjibu kwamba ndivyo watu wanavyoandika. Akaniambia nikapande basi, nikawaone waliopanda mbegu niliyoisifia.

Nyinyi vijana mnaomaliza kila kitu kwenye simu mtacheka. Sisi uhakiki, yaani kuthibitisha jambo kabla halijatoka, tuliufanya kwa miguu. Nimelowa Msanzi, nimeshinda njaa Mwimbi, nimesubiri mkulima amalize kupalilia ulezi ndipo anijibu swali moja. Na ukirudi, Mama Mhariri alitaka umsimulie andiko zima kwa Kifipa, lugha ya wakulima wetu, bila kutazama karatasi. Ulipokwama, hapo ndipo hukuelewa ulichoandika, na unaanza upya. Nilikwama sana, jamani.

Kisha ikaja mbegu ya mahindi yanayokomaa mapema. Bondeni Ilemba, kwenye joto, ilizaa vizuri, tuliiona kwa macho. Huku juu Sumbawanga wachache walioijaribu walishindwa na baridi, mahindi yakadumaa. Tukaandika yote mawili, na mstari mmoja ukasema wazi kwamba haifai nyanda za juu. Meneja Mauzo akaja mwenyewe mezani kwetu akitaka mstari ule utoke, kwa kuwa wateja wetu wengi walikuwa hukuhuku juu. Hakuwa mtu mbaya. Ghala lilijaa, na wakubwa zake walikuwa wakimbana.

"Mama, wewe umeajiriwa kuuza au kuharibu?" aliuliza.

"Nimeajiriwa kuandika," Mama Mhariri akasema. "Ukiutoa huo mstari, nitoe na mimi."

Mstari ukabaki, Mama Mhariri akaondolewa. Msimu haujaisha akahamishiwa ghalani, akavumilia kidogo, kisha akaacha kazi na kurudi kwao. Kiti chake nikapewa mimi. Nilikikalia mpaka nastaafu, na kila meneja mpya alipoutazama mstari ule kwa jicho baya, nilimweleza habari za walioshindwa, akauacha. Mama huyo ametangulia mbele ya haki sasa. Ninamkumbuka mno. Kuna asubuhi natamani mtu anikatie maneno yangu kwa kalamu nyekundu, anitume tena Ilemba na vumbi lake.

Juzi shemeji yangu wa Msanzi, hukuhuku juu kwenye baridi, mjane wa kaka yangu, alinipigia simu. Anatayarisha shamba, na ameona tovuti ya kampuni imepambwa upya, ikisema mbegu ileile inafaa kila mahali. Nikafungua na mimi. Mstari haupo. Nikaenda ofisini, binti wa mapokezi akaniamkia vizuri, akanipa kiti, akasema maandishi siku hizi yanatoka kwa mkandarasi wa mbali ambaye hata yeye hamjui. Nikatafuta jina la mwandishi ukurasa mzima, sikuliona. Niliumia kuliko nilivyotegemea. Zamani mkulima akikasirika aliujua mlango wetu, akaingia na matope yake akatufokea, nasi tukamsikiliza mpaka amalize. Ninazitamani hata kelele zile.

Jioni nikampigia shemeji, nikamwambia mbegu ile asiiguse.

"Shemeji, wao ndio wenye mbegu, na wewe umeshastaafu," akasema. "Nikikusikiliza wewe halafu nikakosa mahindi, nimwendee nani?"

Nikamwambia akikosa aje nyumbani kwangu, anifokee mimi.