Kioo Kizima

Mke wangu alianza kuvaa miwani kwa sababu yangu, si kwa sababu ya macho yake. Watoto wetu hawajui. Wanadhani mama yao aliugua macho mapema, kama wengine wanavyoota mvi mapema, nami niliwaacha wadhani hivyo.

Nilimwoa kijijini Bukundi, kwa wakulima na wafugaji. Msimu wa mavuno kazi yake ilikuwa kuchambua pamba: safi huku, fifi kule. Fifi ni ile yenye madoa, iliyoliwa na wadudu au kupigwa na mvua, na ikijificha kidogo tu katikati ya gunia, mnunuzi atalishusha daraja gunia zima. Nilipomleta Bariadi, majirani walizoea kumletea konzi ya pamba waliyoitilia shaka. Hakuigusa. Aliitazama tu akasema, "Hii fifi, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, na mwenye pamba hakubisha. Watu walikuwa wakiniambia nimeoa mizani.

Mimi nilikuwa karani wa chama cha msingi, kijana wa kidato cha nne mwenye kalamu mfukoni. Wanunuzi binafsi walipoingia vijijini na malori yao, chama kikakosa pamba ya kupima, na sisi makarani tukakosa kazi. Katika miaka ile niliona wakulima wakinyunyizia pamba maji ili iwe nzito, na wanunuzi wakichezea mizani. Niliwasema wote. Nilikuwa hodari sana wa kuwasema.

Nikafungua kibanda cha gemu karibu na stendi. Kompyuta zilikuwa mitumba kutoka Mwanza, na vioo vyake vilikuwa vile vya chogo, vyenye kisogo kirefu nyuma, vizito kama mtungi uliojaa. Fundi aliunganisha kompyuta mbili kwa waya, zikatazamana juu ya meza moja, ili watu wawili washindane mbio za magari, kila mmoja na kioo chake. Waliokaa upande mmoja hawakuona kioo cha upande wa pili. Watazamaji walijipanga mezani kama watu wa ngoma, kila kundi nyuma ya mtu wake.

Mke wangu alikaa mlangoni kupokea wateja. Wasipokuwepo, alicheza. Sikumfundisha, siku moja tu nikamkuta anakata kona ambazo mimi nilikuwa bado nazigonga. Kwenye gemu lile, kabla ya kila kona kulikuwa na kibao chenye mshale mdogo. Mwenye kuuona mshale mapema alishika breki kwa wakati. Yeye aliuona kutoka mbali, kama alivyoona fifi.

Akaanza kunishinda mbele za watu. Kulikuwa na mchuuzi mmoja wa dagaa kutoka Nassa, mtu wa maneno, ambaye akisubiri basi lake alisubiria kwetu. Siku aliyoona nimeachwa nyuma mizunguko yote, alipiga meza kwa kiganja.

"Mzee! Ng'ombe za mahari ulitoa wewe, kumbe dereva ni yeye!"

"Mwache," mke wangu akasema, akicheka hadi machozi. "Anakuja. Amesimama kuuliza njia."

Kibanda kizima kilicheka. Nami nilicheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha meno tu. Kesho yake wapiga debe wa stendi walinisalimia, "Mwangaluka, mzee wa kuuliza njia!" Nilikuwa mtu niliyezoea kuitwa Karani.

Vioo bapa vilipofika madukani, niliuza vile vya chogo nikaleta vipya, vipana, vinavyong'aa. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wateja wangu hawakulijua. Kioo cha chogo unakipa picha ndogo au kubwa, nacho kinaichora bila kinyongo. Kioo bapa kina nukta zake za kuzaliwa, vile vidoa vya mwanga vinavyounda picha, haziongezeki wala hazipungui. Gemu letu lilikuwa na nukta chache kuliko kioo, na kompyuta zangu kuukuu hazikuwa na nguvu ya kuchora zaidi. Kwa hiyo njia zilikuwa mbili. Unaweza kuiacha picha katikati kwa ukubwa wake, nukta kwa nukta, na pembeni pakabaki weusi. Hapo inakuwa kali kama wembe. Au unaweza kuitandaza ijaze kioo. Hapo nukta zinagombania nafasi, rangi zinaingiliana, na kila ukingo unaota manyoya.

Mwanzoni niliweka picha zote mbili katikati. Mchuuzi wa dagaa akakaa, akatazama, akageuka.

"Baba, mbona umenipa dirisha? Mimi nimelipia mlango."

"Lakini ona inavyosomeka."

"Ya kusoma nitasoma gazeti. Nipe kioo kizima."

Wote walitaka kioo kizima. Niliingia kwenye mipangilio nikaitandaza, magari yakanenepa, barabara ikawa kama imemwagiwa maziwa, nao wakafurahi. Nilijua ni pamba ya maji: uzito umeongezeka, ubora umekwenda. Lakini mteja ndiye aliyetaka, nikanyamaza.

Sasa naandika lile ambalo ningependa lingefanywa na mtu mwingine.

Jumamosi moja kibanda kilijaa, na mchuuzi akataka kuona mume na mke wakishindana kwenye vioo vipya. Kabla mke wangu hajakaa, niliirudisha picha ya upande wangu katikati, ndogo, kali. Ya upande wake niliiacha imetandazwa. Mtu mmoja aliyesimama nyuma yangu akashangaa.

"Karani, mbona wewe umejipunja?"

"Kikubwa ni cha mama," nikasema. "Mimi hiki kidogo kinanitosha."

Walinipigia makofi. Mke wangu aliniangalia kwa juu ya kioo chake, uso umelegea kwa furaha, akasema, "Wabeja, baba wee." Alinishukuru kwanza, ndipo tukaanza.

Alipitiliza kona ya kwanza. Akapitiliza na ya pili. Mimi niliiona mishale mapema, myeupe, ncha zake kali, wakati yeye alikuwa akiona madoa yanayoelea. Nilishinda. Tukarudia, nikashinda tena.

"Mayu, leo umelewa?" mchuuzi akauliza.

"Sijui," akasema. Alikuwa anapikicha macho kwa upindo wa kanga. "Kona nazikuta zimeshafika. Kama kuna ukungu."

"Ukungu gani, na jua lote hili? Mbona mzee haoni ukungu?"

Akanigeukia. "Baba, wewe unaona sawasawa?"

Palikuwa na nafasi hapo. Ningeweza kusema njoo tubadilishane viti. Ingekuwa mzaha, tungecheka, na mchuuzi angepata maneno ya kubeba hadi Nassa. Badala yake nilisema, kwa sauti ya upole, mbele ya wote, "Mimi naona vizuri. Ni umri, mama. Macho nayo huchoka."

Hakubisha. Alinyanyuka akarudi kwenye kiti chake cha mlangoni. Wapiga debe wakaanza tena kuniita Karani, na kwa wiki kadhaa jina hilo lilikuwa tamu masikioni mwangu.

Nilidhani jambo lile limeishia mezani. Lakini msimu wa pamba ulipofika, nilimkuta shambani ameketi kando ya turubai, amemwachia wifi yake kuchambua. Jirani mmoja akaja na konzi yake kama desturi. Mke wangu aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akaipeleka kwenye mwanga.

"Muulize wifi," akasema. "Mimi siku hizi macho yangu yana ukungu."

Ile pamba ilikuwa fifi. Mimi mwenyewe, wa macho ya kawaida, niliona. Najua naye aliona. Kilichompungukia ni kujiamini, na hicho nilikichukua mimi.

Mnadani akanunua miwani, ile inayotandazwa juu ya gunia, mtu anajaribu hii na ile hadi aseme afadhali. Alipoivaa alikunja uso, kisha akasema afadhali. Nilisimama pembeni yake. Nilimsaidia kuchagua.

Asubuhi moja, kabla ya wateja, niliirudisha picha ya upande wake katikati, kali kama ya kwangu, nikamwita. "Njoo tucheze kidogo, kama zamani." Nilikuwa nimejiahidi kwamba akinishinda nitaghadhibika kwa uongo, nimpe ushindi wake, na yaishe bila mimi kusema lolote. Hata toba yangu niliitaka iwe ya ujanja.

Akacheka. "Kwa macho haya ya mnadani? Cheza na wenye macho, baba."

Hakukaa kwenye kiti kile tena. Kibanda chenyewe kilikufa baadaye, kila kijana alipokuwa na gemu kwenye simu yake mfukoni, na kompyuta niliziuza kama vyuma.

Mwaka huu daktari alisema mke wangu ana mtoto wa jicho kwenye jicho moja, na la pili linafuata. Ukungu umekuja wa kweli. Tulipotoka hospitali alinishika mkono kuvuka barabara, akasema, "Wewe uliuona mapema, baba. Siku ile ile ya gemu uliniambia." Alisema kwa kunisifu.

Jioni ya siku hiyo alikuwa uani akichambua choroko kwa vidole, maana vidole vyake vilikuwa vimeshajifunza kazi ya macho. Nikakaa kwenye kigoda karibu naye nikamweleza yote: nukta, kutandaza, kioo kizima nilichompa, dirisha dogo nililojiwekea. Nilipomaliza, vidole vyake vilikuwa vimesimama ndani ya ungo.

"Kwa hiyo ile pamba ilikuwa fifi," akasema.

"Ilikuwa fifi."

"Nilijua." Akavua miwani akaiweka mapajani. "Ungeniambia nikiwa bado naona, ningekaa upande wako mara moja, nikutimulie vumbi mbele ya yule mtu wa dagaa. Sasa nitakaa wapi?"

Nilisogeza kigoda changu karibu zaidi na ungo.

"Ile yako ndogo," akasema, "mishale ilionekana?"

"Ilionekana."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka mbali. Kabla hata ya lile daraja la kwenye gemu. Kila mmoja mweupe, na ncha yake, na nguzo yake chini."

"Na majani pembeni ya barabara?"

"Ungeweza kuhesabu."

Alirudisha mkono kwenye ungo, akatoa choroko moja mbovu, akaitupa kwa kuku. "Endelea," akasema. "Baada ya daraja kulikuwa na nini?"

Nikaendelea, kona moja baada ya nyingine, nikimweleza picha niliyomnyima.